Waitikiaji wa Nyemo

Nimestaafu ukalimani mwezi uliopita. Vijana wa ofisini, ambao siku hizi wanatafsiri kwa Kiingereza, wameniomba niwaandikie niliyoyaona wakati wa Mjerumani. Wameniomba pia nieleze nilivyopanda cheo. Nilipanda kimoja, nikashushwa, nikarudishwa palepale, na habari hiyo imekwisha. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaeleza kazi.

Baba yangu alikuja bara na misafara kutoka pwani, akachokea Ugogo, akaoa. Mama yangu alikuwa Mgogo wa Haneti. Kwa hiyo nilikuwa na lugha mbili kabla sijawa na nguo mbili, na wakati ule mtu wa namna hiyo hakuachwa akae nyumbani. Nilichukuliwa bomani nikiwa sijaota ndevu vizuri, nikakabidhiwa kwa Mzee Baruti, mkalimani mkuu, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tangu utotoni. Alikuwa akisema limempunguzia kazi nusu.

Siku yangu ya kwanza kulikuwa na shauri la ng'ombe. Mzee mmoja wa Mkonze alikasirika, akamtaja afisa pamoja na ukoo wake, shangazi hawakusahauliwa. Nilishafungua mdomo niyapeleke kama yalivyo. Mzee Baruti akanikanyaga mguu, akamwambia afisa, "Anasema jua la leo ni kali." Afisa akainamisha kichwa, akakubali kwamba ni kali. Yule mzee alirudi Mkonze na mgongo wake mzima.

Baadaye Mzee Baruti alinikalisha chini. Alinifundisha kusimama pembeni, kamwe nisisimame katikati ya watu wawili wanaozungumza, kwa sababu mkono ukirushwa humpata aliye katikati. Alinifundisha kunywa maji kabla ya shauri na siyo wakati wa shauri. Na akanipa neno ambalo nimelishika miaka yote: "Kisichosemwa hakitafsiriwi. Mtu akinyamaza, nawe nyamaza. Kunyamaza kwake si mali yako."

Basi siku moja zikaja habari bomani kwamba anakuja bwana ambaye si askari, si mkusanya kodi, si mmisionari wala mfanyabiashara. Mzee Baruti akauliza sasa amebaki kuwa nani. Ikasemwa ni mwalimu wa chuo kikuu cha zamani sana huko kwao, katika kitivo cha sanaa, yaani upande wanaosoma lugha, nyimbo na hadithi za watu. Chuo chenyewe kilianza zamani hata wao hawawezi kuwahesabu mababu waliopita humo. Mzee Baruti akauliza kama muda wote huo bado hawajamaliza kusoma.

Historia ya kitivo hicho wataiandika wenyewe, na naamini itakuwa nene. Mimi naandika sehemu iliyopita Ugogo, nayo ina mabwana watatu.

Wa kwanza tulimwita Bwana Vitenzi. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye kikohozi, na alitaka Kigogo chote kwa mpangilio. Alikaa na wazee wa Mkonze kutwa nzima akiwauliza: nilipiga, ulipiga, alipiga, husemwaje? Mzee aliyekaa mbele akajibu kwamba yeye hakumpiga mtu. Wa pili akasema kama kuna mtu alipigwa, yeye siku hiyo alikuwa malishoni. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kimeshajitetea, na Bwana Vitenzi hakuwa na kitenzi hata kimoja. Kesho yake nikamshauri atumie kulima. Mambo yakaenda vizuri, akaondoka ameridhika, na nasikia kitabu chake kinasomwa.

Wa pili ndiye Bwana Nta, na huyu ndiye nitakayemweleza kwa kirefu.

Alikuja na sanduku la kunasa sauti. Lilikuwa na pembe la bati la kuimbia, sindano, na mpini wa kulizungusha mpaka likaze. Sauti ilikuwa ikiandikwa na sindano juu ya nta. Nta yenyewe ilikuwa vipande vya mviringo vilivyo wazi katikati, mfano wa kikombe kisicho na kitako, kwa hiyo tuliviita vikombe. Kikombe kimoja kilibeba wimbo mmoja mfupi. Kikiharibika, kulikuwa na kisu maalumu cha kukinyoa. Unanyoa nta ya juu, sauti yote inatoka kama maganda, unapangusa kwa unyoya wa kuku, na kikombe ni kipya tena.

Vijana, mkipewa chombo cha namna hii hapa Ugogo, sikilizeni. Jua letu halina adabu kwa nta. Vikombe vyetu tulivitia ndani ya chungu, chungu tukakifukia nusu katika mchanga mbichi, na mchanga huo ulikuwa ndani ya tembe yenye kuta nene, mbali na mlango. Pembe likung'uteni kila asubuhi. Nyigu walilipenda kuliko sisi, na mwimbaji anayeumwa na nyigu mdomoni harudi, wala jamaa zake hawaji.

Tulianzia Haneti, kwa wajomba zangu. Watu walipoona sanduku, wenye nguvu walikimbilia porini wakidhani ni mashine mpya ya kodi. Wakabaki wazee wasioweza kukimbia, na wanawake kadhaa waliokuwa wakipura uwele na hawakuwa tayari kuwaachia mbuzi. Mmoja wao alikuwa Nyemo.

Nyemo alikuwa binti wa mama mmoja wa ukoo wa mama yangu, tuliyezoea kumwita Mama Nyemo. Tulikua pamoja, nami nilimhesabu dada yangu. Alikuwa na sauti nyembamba iliyopanda juu bila kulazimishwa, na wakati wa kupura yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alimtazama Bwana Nta kuanzia kofia hadi viatu, akaniambia, "Muulize, mama yake anajua kama yuko hapa?"

Nikatafsiri. Bwana Nta akafikiri, akajibu, "Anajua. Lakini hapendi."

Nyemo akacheka. "Basi ni mtu. Nitamwimbia."

Kwanza waliimba wote pamoja, jinsi wimbo wa kupura unavyoimbwa: mmoja anaanzisha, anaacha, wenzake wanaingia kwa sauti tatu nne zinazopishana, kisha anapokea tena. Tulipousikiliza ndani ya sanduku, ulikuwa kama mzinga uliopigwa teke. Pembe lilikuwa jembamba, sauti nyingi ziligombana mlangoni. Bwana Nta akaamua: mtu mmoja, kikombe kimoja. Aimbe Nyemo peke yake.

Nyemo akasema kuimba peke yake ni sawa na kula peke yake. Inawezekana, lakini watu watakuuliza una nini. Hata hivyo akasogea mbele ya pembe. Wenzake wakaamriwa wanyamaze, wakajiziba midomo kwa viganja, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nyemo akaanzisha. Ilipofika mahali pa kuitikiwa akaacha, akawatazama wenzake, akangoja kwa kutingisha kichwa mpaka kiitikio ambacho hakikuimbwa kiishe, ndipo akaendelea. Akafanya hivyo mpaka mwisho. Pale alipoacha mara ya tatu, jogoo wa Mama Nyemo, ambaye amri ya kunyamaza haikumfikia, aliwika karibu kabisa na pembe, wiko refu la jogoo aliyeshiba.

Bwana Nta aliposikiliza hakufurahi. Kitivo kilitaka wimbo mzima, na hapa alikuwa na wimbo wenye mashimo, na katika shimo moja kuna jogoo. Akakitia kikombe alama ya penseli. Alama hiyo maana yake ilikuwa kwamba siku nta itakapopungua, hiki kitanyolewa. Mimi nilikifungia pamba, nikakitia chunguni na vingine. Sikuona tatizo, kwani Nyemo alikuwepo na angeweza kuimba tena siku yoyote.

Tukaenda huku na huku, mwisho tukatua Dodoma. Reli ilikuwa ndiyo inafika, na mji ulikuwa vumbi, mataruma na watu waliotafuta kazi au waliokamatwa kwa ajili ya kazi. Ni hapo mjomba mmoja aliyeleta ng'ombe aliniambia kwamba Nyemo amefariki. Ilikuwa homa, baada ya kujifungua, na mtoto hakubaki. Nililia nyuma ya tembe ya vikombe. Nilimpenda yule dada, na kulisema sioni aibu.

Sikumweleza Bwana Nta. Hakuniuliza, na kisichosemwa hakitafsiriwi.

Nta ikapungua kama ilivyotarajiwa. Vikombe vyote vilijaa, na nje kulikuwa na mpiga zeze mashuhuri wa Mkonze aliyekuwa akingoja zamu yake, ameshakaza nyuzi. Asubuhi hiyo Bwana Nta alikitoa kikombe chenye alama ya penseli, akakaa kivulini, akaanza kunoa kile kisu. Nilijua ni kikombe gani. Nilikuwa nimesimama nikitafuta maneno ya Kiswahili ambayo mkalimani anaweza kumwambia bwana wake bila kuulizwa, na nilikuwa sijayapata bado, walipotokea wanawake watatu barabarani, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Wa mbele alikuwa Mama Nyemo. Walikuwa wametembea kutoka Haneti.

"Mbukwa, mama," nikamwamkia kwa Kigogo, na yote tuliyozungumza yalikuwa ya Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu." Alitazama kivulini, akaliona pembe. "Nimesikia mwenzako yumo ndani ya sanduku lenu."

"Ni sauti yake tu, mama."

"Kwani mimi nimeomba nini kingine?"

Nikaenda kivulini. Nikasema, "Bwana, mwenye sauti hiyo alikufa. Huyu ni mama yake. Amekuja kumsikia."

Bwana Nta alikitazama kisu, akakitazama kikombe. Akaweka kisu chini, akakisukuma mbali kwa mguu. Akavua kofia. Kisha akauliza jina la marehemu, nikamwambia, akalirudia taratibu mpaka akalipata.

Wanawake wakaketi kwenye mkeka. Sanduku likakazwa, sindano ikashushwa. Kwanza ukaja ule mkwaruzo wa nta, halafu akaja Nyemo, mdogo, wa mbali kidogo, lakini ni yeye. Mama yake hakulia. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Nyemo akamaliza mstari wa kwanza, akaacha.

Sanduku likakwaruza tu. Nilimwona Mama Nyemo akiinua uso, na nadhani hakuamua lolote, ila mwanawe alikuwa ameanzisha na mtu hawezi kuachwa hivyo. Akaitikia. Wenzake wawili wakaingia, mmoja juu, mmoja chini. Walipomaliza, papo hapo Nyemo akapokea. Hakuchelewa wala hakuwahi. Akaimba mstari wa pili, akaacha, wakajaza. Ilipofika mara ya tatu jogoo akawika, nao wakaitikia juu yake bila kumjali, kama walivyozoea kila siku uani. Mpiga zeze wa Mkonze alisimama, akasahau kukasirika. Mimi nilikuwa nimeshika mpini wa sanduku na sikuweza kuona vizuri.

Wimbo ulipokwisha Mama Nyemo akasema, "Mrudishe tena."

Nikatafsiri. Bwana Nta akaeleza, polepole, kwamba kila sindano inapopita inakwangua nta, na sauti inapungua kidogo. Anaweza kumrudisha, lakini kila mara atakuwa amepungua. Nikamfikishia kama alivyosema. Sikuwa na namna ya kumpunguzia.

"Basi aache," alisema Mama Nyemo. "Nisimmalize mimi." Halafu akauliza, "Sasa anakwenda wapi?"

"Kikombe chake hakinyolewi tena, mama. Kinakwenda Ulaya, kwenye chuo chao. Kitawekwa kabatini, na wanafunzi watakisikiliza."

"Haneti hawezi kurudi?"

"Haneti hakuna sanduku. Atakuwa kipande cha nta."

Akatafakari. "Aende. Lakini huko nani atamwitikia? Ataanzisha, ataacha, atangoja. Atakuwa akingoja tu."

Nimetafsiri mashauri ya mipaka, ya ng'ombe, ya mahari, na mara mbili ya kifo. Sijatafsiri swali kwa uangalifu kama lile. Bwana Nta alilisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani ya tembe, na siku ile hatukumwona tena.

Asubuhi akatoka amenyoa ndevu. Akaniambia, "Mwulize kama atakubali kunifundisha kuitikia."

Nikatafsiri. Wale wenzake wawili wakatazamana. Mama Nyemo akauliza kama bwana huyu anaweza kuimba. Nilimwambia ukweli kwamba sijui. Kabla ya saa sita tulijua sote.

Hakuweza. Alikuwa na sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na sauti tatu zinazopishana zilimchanganya mpaka akatoka jasho. Mama Nyemo akampa ile ya chini, iliyo nyepesi, ambayo kwao hupewa watoto. Alifundishwa siku kadhaa. Mama Nyemo ndiye aliyekaa mahali pa mwanawe, akianzisha na kuacha. Kikombe kiliruhusiwa kupita mara chache tu, kumpima mwanafunzi.

Kila kilipopita, tatizo likawa moja. Alipoacha Nyemo mara ya tatu, Bwana Nta hakuitikia. Alingoja jogoo amalize kwanza, ndipo akaingia, amechelewa. Hata Mama Nyemo alipoanzisha mwenyewe, jogoo hayupo, Bwana Nta alipofika hapo alinyamaza urefu wa wiko zima, kisha akaitikia.

Nikamwambia, "Bwana, jogoo si sehemu ya wimbo."

Akasema, "Yumo kwenye kikombe."

"Yumo kwa bahati mbaya."

"Yumo," akasema. Hivyo ndivyo watu wa chuo walivyo. Wakishakiandika kitu, kinakuwa kweli.

Nikamgeukia Mama Nyemo anisaidie kulalamika. Alikuwa akitabasamu, mara ya kwanza tangu aje. "Mwache," akasema. "Jogoo naye alikuwa wangu."

Bwana Nta aliondoka kwa gari moshi, vikombe vyote kwenye makasha ya pamba, na kimoja amekipakata. Mpiga zeze wa Mkonze hakunaswa kamwe. Mpaka leo akiniona hunisalimia kwa kidevu.

Baada ya hapo kazi iliendelea: mashauri, kodi, njaa ya mwaka mmoja, mabwana kubadilika bomani. Mzee Baruti alifariki, nikakaa kwenye kigoda chake. Kila nilipopita Haneti, Mama Nyemo aliniuliza kama kuna habari za huko. Hapakuwa na habari. Chuo hakituandikii sisi. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za binti aliyeolewa mbali, halafu ananipa mlenda na ugali, tunakula. Nilianza kupita Haneti mara chache zaidi, kwa kuwa nilichoka kumpa jibu lile lile.

Mwisho, vita ikiwa bado haijafika kwetu, akaja wa tatu. Alikuwa kijana, uso umeungua na jua, ametoka kitivo kile kile. Alikuja kuchora ramani za lugha, vikombe hakuwa navyo. Kiswahili chake kilikuwa kizuri na Kigogo hakujua, kwa hiyo nikampeleka Haneti, kwa sababu ni kwetu na chakula kipo.

Ulikuwa wakati wa kupura. Wanawake walikuwa uani kwa Mama Nyemo, na yeye, ingawa amezeeka, ndiye aliyeanzisha. Aliuanzisha ule ule wimbo. Bwana kijana alikuwa akifungua kamba za mzigo. Mkono wake ukasimama.

Mama Nyemo akaacha. Wanawake wakaitikia, na chini yao nikasikia sauti ya kiume, ile nyepesi inayopewa watoto. Bwana kijana alikuwa akiitikia, macho ameyafumba. Maneno aliyatamka vibaya, lakini yote yalikuwepo. Wanawake wakamtazama, wakaendelea, kwa kuwa wimbo haukatizwi. Mstari wa pili vile vile.

Mara ya tatu Mama Nyemo akaacha. Wanawake wakaingia. Bwana kijana hakuingia. Alisimama kimya, kichwa upande, kama anayesikiliza kitu kilicho mbali, urefu wa wiko zima la jogoo. Uani hapakuwa na jogoo. Kisha akaitikia, peke yake, amechelewa, wanawake wameshamaliza.

Wanawake wengine wakacheka. Mama Nyemo hakucheka. Aliitua fimbo yake ya kupuria chini.

"Amemngojea," akaniambia.

"Ndiyo, mama. Amemngojea."

Bwana kijana akaniuliza kwa wasiwasi amekosea wapi. Alisema chuoni kwao kila mwanafunzi wa nyimbo hufundishwa kumwitikia yule mwanamke wa Haneti, wanasimama darasani wote pamoja, na mzee wao huwagombeza wakiingia kabla ya jogoo. Nikamgeukia Mama Nyemo, nikamfikishia neno kwa neno. Alitaka nirudie pale penye darasa, nikarudia. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Mwambie yule jogoo tulimla kwenye matanga," akasema. "Lakini wasiache kumngojea."